Jinsi ya kuitumia saa janja kufuatilia moyo wako, kwa sisi tunaoishi kwenye baridi ya Mbeya

Kila Desemba watoto wakirudi likizo kutoka Dar na Dodoma, wazee wengi wa Uyole, Igawilo na Tukuyu wanapata zawadi inayofanana: saa janja. Ikifika Januari wanaanza kuja nayo kliniki. Mimi ni muuguzi, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa kwenye chumba cha presha na sukari. Siku hizi kabla sijamfunga mzee kitambaa cha mashine, ameshaninyooshea mkono wa pili: "Sista, hii inasema mapigo 104. Si mbaya hiyo?"

Namuuliza: shikamoo baba, na juzi ilisema ngapi? Mara nyingi hajui. Basi tunaanzia hapo. Saa hizi hazimsaidii sana mtu anayezichungulia pale tu anaposhtuka. Zinamsaidia anayezitumia kuijua kawaida yake mwenyewe, ili kawaida hiyo ikibadilika aone mapema na aje tuzungumze.

Saa inaonaje moyo ikiwa mkononi?

Ivue uitazame kwa chini. Utaona taa za kijani zinamulika. Damu inafyonza mwanga wa kijani. Moyo ukipiga, damu inajaa kwenye mishipa midogo chini ya ngozi na mwanga mwingi unafyonzwa. Kati ya pigo na pigo damu inapungua, na mwanga mwingi unarudi. Kijicho kilichopo pembeni ya taa kinahesabu kupanda na kushuka huko. Kwa maneno mengine, saa haisikii moyo. Inaitazama damu inavyopita kwenye ngozi ya mkono, na chochote kinachoizuia damu kufika kwenye ngozi, au kinachoifanya saa isitulie, kinavuruga hesabu.

Kwetu huku baridi ndiyo ya kwanza. Asubuhi za Juni na Julai mwili unabana mishipa ya mikono ili joto libaki ndani. Ngozi inakosa damu ya kutosha na saa inaanza kubahatisha. Mama aliyekaa na magunia ya viazi tangu alfajiri anaweza kuona 48, na baada ya muda mfupi 130, na moyo wake ukawa hauna neno. Aingie ndani, ashike kikombe cha uji wa moto kwa mikono yote miwili mpaka vidole vipate joto, ndipo aangalie. Wa Isongole na Makete, ambako baridi ni kali zaidi, waivae saa ndani ya mkono wa sweta, igusane na ngozi. Wapo wanaoifunga juu ya sweta ili ionekane. Hiyo haipimi kitu.

La pili ni mafuta ya mgando. Tunajipaka kwa wingi kwa sababu ngozi inapasuka, nayo yanaganda kwenye kioo cha taa na kukusanya vumbi. Kila jioni ivue saa, ifute chini kwa kitambaa laini chenye unyevu kidogo, uikaushe, na sehemu ile ya mkono uiache bila mafuta. Kwa wengi kazi hiyo ndogo inatosha kuziondoa namba za ajabu.

Ivae juu kidogo ya mfupa wa kifundo cha mkono, upana wa kidole kimoja kuelekea kwenye kiwiko. Mkanda ukae imara usizunguke, lakini usikaze mpaka vidole vife ganzi. Ukiwa unalima kwa jembe, unakanda unga au umeshika usukani wa bajaji kwenye barabara yenye mashimo, usizijali namba za wakati huo. Mkono unapotikisika kwa mpangilio, saa inaweza kuhesabu mtikisiko badala ya mapigo. Hata ukitembea haraka, wakati mwingine inakuhesabia hatua zako ikidhani ni moyo. Wakimbiaji wanaotaka namba sahihi wakiwa katika mwendo wanunue mkanda wa kifuani. Ule unasoma umeme wa moyo, hautegemei mwanga.

Kuhusu ngozi yetu nyeusi niseme wazi, kwa kuwa naulizwa. Ngozi yenye rangi nyingi inafyonza sehemu ya mwanga kabla haujaifikia damu. Kwenye mapigo ya moyo ukiwa umetulia, saa nyingi nzuri zinamudu. Kwenye kiwango cha oksijeni tuwe waangalifu. Mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, walionyesha kwamba hata vile vipimo vya hospitali vinavyobanwa kidoleni vilishindwa kuona upungufu wa oksijeni kwa wagonjwa weusi karibu mara tatu zaidi ya kwa wazungu. Ikiwa cha hospitali kinakosea hivyo, usimwambie mtoto anayehema kwa shida kwamba yuko salama kwa sababu saa imeandika oksijeni 96. Mtazame kifua, sikiliza pumzi, mpeleke.

Wiki mbili za kujijua

Anza na wiki mbili ambazo huna haja ya kuamua chochote. Vaa saa usiku na mchana, na asubuhi ukiamka, kabla hujaweka mguu chini, soma mapigo yako ukiwa umelala. Yaandike kwenye daftari. Najua simu inahifadhi, lakini simu inapotea, inauzwa, inaazimwa na mjukuu. Isitoshe, daftari lina nafasi ya kuandika mambo ambayo saa haiyajui: usingizi haukuja, homa, nimeanza dawa mpya, jana tulizika.

Mara kwa mara ikague saa kwa vidole vyako. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye mkono, upande wa dole gumba, chini ya kiganja kidogo. Usitumie dole gumba lenyewe, maana lina mapigo yake. Bonyeza taratibu mpaka uyasikie. Hesabu dakika nzima ukifuata saa ya ukutani, halafu linganisha. Mkiachana kwa mapigo matatu, manne, endeleeni pamoja. Mkiachana kwa 20 kila mara, ukiwa umetulia na mkono una joto, saa hiyo usiiamini. Nawafundisha hivi hata wajukuu wanaokuja na bibi zao, kwa sababu umeme ukikatika siku mbili na chaji ikaisha, vidole bado vipo.

Mtu mzima aliyetulia, mapigo yake kwa kawaida ni kati ya 60 na 100 kwa dakika. Lakini watu wanatofautiana sana. Mkulima wa Rungwe anayepanda na kushuka milima kila siku anaweza kuwa na 54 na akawa mzima kabisa. Anayemeza dawa za presha na moyo kama atenolol, bisoprolol au propranolol atakuwa chini pia, kwa sababu ndiyo kazi ya dawa hizo. Mjamzito anapanda kwa mapigo 10 hadi 20 na ni kawaida. Kwa hiyo usiilinganishe namba yako na ya jirani. Ilinganishe na yako ya wiki iliyopita.

Ukishaijua kawaida yako, mabadiliko yanaanza kukwambia kitu. Homa inapandisha mapigo kama 10 hivi kwa kila nyuzi moja ya joto, kwa hiyo mtu aliyetoka kuvuna mpunga Kyela, kawaida yake ni 66, asubuhi akajikuta na 88 na mwili unauma, akapime malaria. Asikae kuwaza moyo. Kupungukiwa maji kunapandisha. Kupungukiwa damu kunapandisha, na hili tunalikuta sana kwa kina mama. Pombe nayo: wa Iringa wakinywa ulanzi jioni na sisi wa huku kimpumu, mapigo ya usiku yanakaa juu kuliko siku zingine, ijapokuwa mtu anahisi amelala vizuri. Kahawa ya Mbozi ni tamu, ila usipime ukiwa umetoka kuinywa sasa hivi. Na mgeni aliyetoka Kyela, kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, akapanda mpaka Mbeya mjini kwenye mita 1,700, siku za kwanza moyo wake unaweza kwenda haraka kidogo kwa sababu hewa ya huku ina oksijeni pungufu. Unazoea.

Mabadiliko ambayo nataka unifuate kliniki kuyaeleza ni haya: mapigo yako ya asubuhi yamepanda au kushuka sana kuliko kawaida yako, yamekaa huko siku kadhaa, na huoni sababu. Zaidi ya 100 ukiwa umetulia, siku baada ya siku, usingoje tarehe ya kliniki. Chini ya 50 pamoja na kizunguzungu, hivyo hivyo, hasa kama uko kwenye dawa nilizozitaja.

Presha ni ya mashine ya mkono wa juu

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo watu wanapoumia.

Kuna saa za bei rahisi zinazopangwa barabarani Mwanjelwa na Kabwe, zinazodai kupima presha, sukari, joto na uchovu, vyote kwa taa moja. Mzee mmoja alinijia akiwa ameacha dawa, kwa sababu saa yake ilimpa 118 kwa 76 kila asubuhi. Kwenye meza kulikuwa na ndizi za Tukuyu nilizoletewa. Nikaifunga saa yake kwenye ndizi, nikabonyeza alama ya presha. Ikafikiri, ikazunguka, ikaandika 117 kwa 75. Mzee akaitazama ndizi, akanitazama mimi, akakunja mkono wa shati nimpime. Alikuwa na 178 kwa 104.

Niwe mkweli kuhusu jaribio hilo: mapigo peke yake, hata saa nzuri inaweza kuyaona kwenye ndizi, kwa sababu taa yake inatafuta mpangilio popote mwanga unaporudi. Ila saa inayoipa ndizi presha ya binadamu imeandikiwa namba ndani yake, haipimi. Ukitaka kununua, ijaribu kwanza.

Saa zinazojaribu presha kwa dhati zipo. Ya Samsung lazima uilinganishe na mashine ya kitambaa kila baada ya siku 28, na usipofanya hivyo haikupi namba. Ya Huawei iitwayo Watch D ina mfuko mdogo ndani ya mkanda unaojaa upepo kweli na kubana mkono. Ni ghali, na ushauri wangu kwa familia nyingi ni mwingine: chukueni mashine ya kawaida ya presha, ya kufunga mkono wa juu, ambayo bei yake ni ndogo kuliko saa hizo, na ikae nyumbani itumike na watu wote. Kitambaa kiwe na ukubwa unaotosha mkono. Kikiwa kidogo kwenye mkono mnene kinapandisha namba bure.

Pima hivi. Nenda haja ndogo kwanza. Kaa kwenye kiti chenye egemeo, miguu chini yote miwili, usiikunje, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Tulia dakika tano bila kuongea na bila simu. Pima mara mbili, ukipumzika dakika moja katikati, uandike zote. Nusu saa kabla usinywe kahawa wala usivute sigara. Kliniki tunasema presha iko juu ikifika 140 kwa 90 mara kwa mara. Nyumbani, ambako mtu ametulia, tunaanza kujali kwenye 135 kwa 85. Na namba nzuri ukiwa kwenye dawa maana yake dawa inafanya kazi. Endelea nayo.

Mjamzito anayeumwa kichwa kikali, anayeona maruweruwe au aliyevimba uso na mikono, asitazame saa kabisa. Aende akapimwe presha kwa mashine na mkojo siku hiyo hiyo.

Sukari nayo iondoe akilini. Februari 2024 mamlaka ya dawa na chakula ya Marekani, FDA, ilionya kwamba haijaidhinisha saa wala pete yoyote inayopima sukari yenyewe bila kutoboa ngozi. Mwenye kisukari akipanga kipimo cha insulini kwa namba za saa anaweza kupoteza maisha.

Saa ikisema mapigo hayana mpangilio

Baadhi ya saa zinakuonya kwamba moyo unapiga ovyo ovyo, na baadhi zinaweza kuchora ECG, yaani mchoro wa umeme wa moyo. Kwa ECG, unaweka kidole cha mkono mwingine kwenye kitufe au ukingo wa saa kwa sekunde 30, umeme mdogo wa moyo unasomwa kutoka mkono hadi mkono. Njia yenyewe ni ya zamani: Willem Einthoven wa Uholanzi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1924, aliwaingiza wagonjwa wake mikono na mguu kwenye vyombo vya maji ya chumvi ili auchore umeme huo huo. Ukichora, kaa chini, weka mikono yote miwili mezani, usiongee, na kama ngozi ni kavu sana ilowanishe kidogo.

Inachotafuta hasa ni fibrilesheni ya atria, yaani vyumba vya juu vya moyo vinatetemeka badala ya kusukuma. Damu inazubaa humo, inaganda, na kipande kikipanda kichwani ni kiharusi. Mwenye hali hii anaweza asisikie chochote, na dawa za kuzuia damu isigande zinamkinga sana. Ndiyo sababu nathamini onyo hilo.

Lakini lipime kwa uzito wake. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford uliotangazwa 2019 ulifuatilia watu zaidi ya 400,000 waliovaa Apple Watch. Waliopata onyo walikuwa asilimia 0.52 tu, na kati ya waliopata onyo wakavaa kipimo cha kubandika kifuani na kukirudisha, hali hiyo ilionekana kwa asilimia 34. Fibrilesheni huja na kuondoka, kwa hiyo kutoonekana baadaye hakumaanishi saa ilidanganya. Onyo ni sababu ya kwenda kupimwa. Usimeze dawa ya mtu mwingine kwa ajili yake.

Na vijana msijione mko nje. Huku kwetu, mtoto aliyeugua koo mara kwa mara bila kutibiwa vizuri anaweza kupata homa ya baridi yabisi inayoharibu valvu za moyo, yaani milango ya damu ndani yake, na akiwa na miaka 25 au 30 mapigo yakaanza kwenda ovyo. Ukiwa na umri huo, unachoka haraka ukipanda mlima, na saa inarudia onyo, nenda. Daktari ataamua kama unahitaji ECG kamili, eko (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), au mashine ya Holta ya kuvaa saa 24 ikirekodi mapigo, na wanaohitaji zaidi hupewa rufaa, hata hadi Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete pale Muhimbili.

Waliowekewa betri ya moyo, kifaa kinachosaidia moyo kupiga, waulize daktari wao kabla ya kuvaa. Chaja za saa zina sumaku, zisikae karibu na kifua, na zile saa zinazopima mafuta ya mwili kwa kupitisha umeme wasizitumie.

Kutembea

Hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Shirika la Afya Duniani linashauri angalau dakika 150 kwa wiki za mazoezi ya wastani. Toa umri wako kwenye 220, halafu lenga nusu ya jibu hadi asilimia 70 yake. Mwenye miaka 60 anabaki na 160, atembee mapigo yakiwa kati ya 80 na 112. Kupanda kwa miguu kutoka Mafiati kwenda mjini kunatosha. Anayemeza atenolol na ndugu zake asiifuate hesabu hiyo, moyo wake hautafika. Atumie mdomo: kuzungumza uweze, kuimba pambio ushindwe. Baada ya miezi michache ya kutembea utaona mapigo ya asubuhi yanashuka kidogo kidogo kwenye daftari, na nimeona watu wakilileta hilo daftari kliniki kwa furaha kuliko cheti chochote.

Saa uiache, mwite mtu

Maumivu au mgandamizo kifuani unaokwenda begani, mkononi au kwenye taya. Jasho la baridi. Kukosa pumzi ghafla. Kuzimia. Mdomo kwenda upande, mkono kulegea, maneno kutoka vibaya. Yakitokea haya usifungue saa kutafuta uthibitisho. Hakuna saa ya mkononi inayoweza kuondoa shaka ya shambulio la moyo. Inaweza kuandika "kawaida" wakati msuli wa moyo unakufa. Tafuta gari na mwende hospitali, bajaji ikiwa ndiyo iliyo karibu, na mgonjwa asiendeshe mwenyewe.

Ukija kliniki

Njoo na daftari, dawa zako zote zikiwa kwenye pakiti zake, na simu yenye chaji. Kama saa ilitoa onyo, piga picha ya skrini siku ile ile, na mchoro wa ECG uhifadhi kama faili; programu nyingi zina sehemu ya kuutuma. Andika ulikuwa unafanya nini. "Alhamisi usiku, nimelala, 140, dakika kumi, nilisikia moyo unaruka" ni maelezo ambayo daktari anaweza kuyafanyia kazi. Mwonyeshe hicho kwanza, usimfungulie grafu za mwaka mzima. Na kama saa imekufanya uwe unaangalia kila dakika mpaka usingizi umekimbia, zima maonyo yote isipokuwa la mapigo yasiyo na mpangilio, ubaki na kipimo kimoja cha asubuhi, na uniambie hilo pia, kwa sababu hofu yenyewe inapandisha mapigo na tunaweza kuizungumza.